Mkituuzia kompyuta tajeni prosesa kwa jina lake zima

Mhariri,

Assalamu alaikum na poleni kwa kazi. Mimi ni msomaji wenu wa hapa Amu (Lamu), mtaa wa Langoni, kazi yangu ni kupiga na kuhariri vidio za harusi na hasa zile shughuli za wanawake watupu, siku ya hina, siku ya kupamba, pale ambapo mpiga picha mwanamume hakanyagi. Naandika kuhusu prosesa za kompyuta, ule ubongo wake unaofanya hesabu zote. Najua kurasa zenu zimejaa siasa na bei ya unga, lakini na hili pia ni pesa za watu zinapotea, na nimeliona likipoteza za kwangu na za majirani zangu, kwa hivyo naomba nafasi niseme.

Kwanza mnielewe kazi yenyewe ilivyo. Bibi harusi akishavua buibui akakaa juu ya jukwaa na jamaa zake wako kwa nguo za ndani ya nyumba, zile picha ni amana. Siwezi kumpa kijana wa studio Mombasa anirendie, yaani aziunganishe ziwe vidio moja kamili, wala siwezi kuzipandisha intaneti kwenye seva za watu nisiowajua, mama yake bibi harusi akisikia sitaitwa tena nyumba yoyote kuanzia Mkomani mpaka Shela. Kila kitu lazima kifanyike ndani ya chumba changu, kwenye kompyuta moja, na ikilala hio kompyuta na mimi nimelala.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ndani ilikuwa na prosesa ya AMD Ryzen 5 2600, ile ilotoka Aprili 2018, viini 6 (sehemu zinazofanya kazi) na nyuzi 12 (kazi inazoshika kwa pamoja), na mazabodi, ile bodi kubwa inayobeba kila kitu, ya B450. Nilifungiwa 2019 na imenilisha tangu hapo. Sasa mwana wa kaka yangu anasoma Mombasa mambo ya kompyuta, na kila akija likizo huisikiliza feni yake alafu ananiambia, "Shangazi, hii imezeeka, watu sai wako Ryzen 9000, wewe bado uko AM4." Mwishoni mwa mwaka jana akaniletea karatasi ya bei alizoulizia huko, prosesa ya Ryzen 5 9600X, mazabodi mpya na RAM (kumbukumbu ya muda) ya DDR5 giga 32, jumla inakaribia Sh90,000. Kijana ana nia njema kabisa na hakunidanganya hata neno moja kuhusu kasi, hio 9600X ni moto kweli, inafika 5.4 GHz na yangu ilikuwa inafika 3.9. Lakini Sh90,000 kwangu ni harusi nyingi, ni usiku mwingi wa kusimama na kamera begani mpaka alfajiri, nikamwambia nipe muda nifikirie.

Kwa nini ukitaka prosesa tu unaambiwa na bodi na RAM? Ni kwa sababu ya soketi, kile kitako ambacho prosesa inakalia. AMD walikaa na kitako kimoja, AM4, kwa miaka mingi, Ryzen za kwanza za 2017 zilikalia hapo na Ryzen 5000 zilotoka Novemba 2020 pia zilikalia hapohapo. Alafu Septemba 2022 wakaleta AM5 pamoja na Ryzen 7000, na AM5 haikubali RAM ya DDR4 hata kidogo, inataka DDR5. Intel wao hubadilisha kitako mapema zaidi, LGA1200 ya 2020 ilibeba kizazi cha 10 na cha 11 tu, LGA1700 ikabeba cha 12, 13 na 14, alafu Oktoba 2024 wakaleta LGA1851 na ile ya nyuma ikaachwa. Hata zamani, kizazi cha 8 cha Intel kilikuwa na kitako cha LGA1151 sawasawa na cha 6 na 7 ukiangalia kwa macho lakini ukikiweka kwenye bodi ya zamani haiwaki, walitaka ununue bodi mpya. Sasa muuzaji akikwambia "badilisha prosesa" mwulize kitako gani, manake unaweza kudhani unabadilisha tairi kumbe unaambiwa ununue gari.

Na hapa nataka niseme lililoniuma. Kabla ya hii nilokuwa nayo, 2017 nilinunua kompyuta ya kwanza ya kazi, ya mitumba, ex-UK, yaani ilotumika Uingereza, kwenye duka moja la mjini Mombasa. Kijitabu chao cha bei kiliandika "Core i7" kwa herufi kubwa na bei ilikuwa juu ya zile i5 zilokuwa pembeni yake. Nikaona i7 ndo kubwa, nikalipa, ikapakiwa basi mpaka Mokowe, ikavushwa kwa boti, ikabebwa mpaka nyumbani. Ilikuwa i7-2600. Ile 2 ya mwanzo ndo kizazi, yaani kizazi cha pili, prosesa ya Januari 2011. Nilinunua kitu cha miaka 6 kwa bei ya juu kushinda i5 za kizazi cha 4 ambazo zingenifaa zaidi na hakuna mtu pale dukani alifungua mdomo, na sijui kama walificha ama hata wao hawakujua kusoma ile namba. Tazama sasa, i7-2600 ni ya 2011 na Ryzen 5 2600 yangu ni ya 2018, namba ni moja, makampuni mawili, miaka 7 katikati. Kwa hivyo namba peke yake haitoshi na "i7" peke yake haitoshi. Kuna i3-12100 ya Januari 2022, ni i3, ndogo kabisa kwa jina, ina viini 4 na nyuzi 8 kama ile i7 yangu ya zamani, na inaiacha mbali sana, si mchezo. Mtu akiuza "i7" bila kutaja kizazi ni kama anauza samaki na hasemi amevuliwa lini.

Basi safari hii sikutaka kurudia. Nilichukua daftari la shule nikaliweka pembeni ya kompyuta, nikapiga hesabu ya harusi 2, kila nikisubiri kitu naangalia saa ya simu na naandika, nasubiri nini na dakika ngapi. Kunakili kadi za kamera. Kufungua mradi. Kukata. Kupaka rangi. Kurenda. Ningewaomba wote wanaofikiria kuapgredi wafanye hivi kwanza, haigharimu kitu, na mimi ndo ilonifungua macho manake niligundua kuna kusubiri kwa aina mbili. Kuna kurenda, kompyuta inafanya kazi saa 5 na mimi nimelala, hapo hata ingekuwa saa 6 sijapoteza kitu. Na kuna ile nimekaa mkono uko kwenye mausi, nataka kukata pale bibi harusi anapoinua uso, nabonyeza, picha inagwama, sauti ya ngoma inaenda na picha imesimama, narudi nyuma, inagwama tena. Hio ndo ilikuwa inanila. Kwa harusi moja nilihesabu karibu saa 3 za kukaa tu nikiangalia picha ilosimama.

Nikamwuliza kijana, je hio 9600X itanitolea kugwama? Hapo ndo tukaanza kusoma pamoja na yeye mwenyewe akashangaa. Kamera yangu mpya inarekodi H.265, namna ya kubana vidio, ya biti 10 kwa rangi za 4:2:2, yaani rangi nyingi zaidi ya kawaida. H.265 haihifadhi kila picha nzima, inahifadhi moja kamili alafu zinazofuata inaandika tu kilichobadilika, kwa hivyo ukisimamisha mahali popote katikati lazima kompyuta irudi nyuma itafute ile kamili na ihesabu mbele mpaka pale ulipo. Ndo maana faili ni dogo na ndo maana kukata ni taabu. Kadi nyingi za grafiki zina sehemu maalum ya kufungua H.265 bila kuisumbua prosesa, lakini hii ya 4:2:2 kadi yangu haiwezi, kazi yote inaangukia prosesa. Intel walitia uwezo huo kwenye grafiki za ndani ya prosesa zao tangu kizazi cha 11, bora isiwe ile yenye herufi F mwishoni manake hio haina grafiki ndani. NVIDIA wameutia kwenye kadi za RTX 50 za 2025. AMD kwenye Ryzen 9000 haupo. Yaani ile ya Sh90,000 ingelifungua faili kwa nguvu tu, haraka kuliko yangu ndio, lakini ule mlango hasa nilokuwa nautaka haumo. Mngeniuliza mwezi mmoja nyuma ningewaambia mpya ni mpya, itakuwa na kila kitu.

Tulichofanya kwanza ni proksi. Unaiambia programu itengeneze nakala ndogo nyepesi ya kila faili, unakata kwa zile nakala, alafu ukifika kurenda programu inarudi kwa faili za asili na picha inatoka safi ileile. Nazianzisha usiku nikilala, asubuhi nakaa nakata kama nakata siagi. Sikulipa hata shilingi. Alafu nikanunua SSD ya M.2 ya tera moja, diski ya kasi inayochomekwa kwenye bodi yenyewe, manake muda wote huo nilikuwa nahariri moja kwa moja kutoka hadidiski ya nje ya kamba, na mazabodi yangu tangu 2019 ilikuwa na nafasi ya M.2 iko wazi, hakuna alonambia. Zile saa 3 za kugwama zikashuka zikawa hazifiki nusu saa. Prosesa ni ileile ya 2018.

Hapo ningeweza kukoma, na kwa wengi ningesema komeni hapo. Lakini kuna jambo la kwetu huku ambalo wale wanaoandika habari za prosesa kutoka Marekani na Uingereza hawalipimi, nalo ni stima. Nilisema kurenda nikiwa nimelala si hasara. Ni kweli kama stima ipo. UPS yangu, ile betri ya kushikilia stima ikipotea, inashika kama dakika 20, baada ya hapo kwaheri, na kurenda kukikatika katikati kunaanza mwanzo. Mwezi mmoja wa harusi ilinikata mara 3, mara moja ilikuwa imebakisha kidogo sana, na asubuhi yake watu walikuwa wanakuja kuchukua flashi wasafiri nayo. Kazi ya saa 5 inaupa umeme saa 5 za kukuvizia. Ikiwa saa 3 umepunguza hatari. Kwa mtu wa mahali stima haipotei hii si hoja, kwangu mimi ni hoja kubwa kuliko hata kasi yenyewe.

Kwa hivyo nikaamua kubadilisha prosesa, lakini ndani ya kitako kilekile. Nikachukua Ryzen 7 5700X, ya Aprili 2022, viini 8 na nyuzi 16, inafika 4.6 GHz, na inatajwa wati 65 sawa na ile ya zamani, kwa hivyo pawa saplai ni ileile, bodi ileile, RAM ileile. Nililipa Sh26,000. Kijana hakufurahi sana mwanzo, alisema AM4 ni njia ilofika mwisho na ni kweli, hakuna pa kwenda zaidi ya hapo. Nikamwambia, sikiza baba, nikifika mwisho wa hii miaka mingine 4 ama 5 itakuwa imepita, na hizo AM5 zitakuwa zimefika mitumba.

Jambo moja nataka wasomaji walishike, manake linaharibu mashine za watu. Ukiweka Ryzen 5000 kwenye bodi ya zamani ya B450 bila kuiapdeti bayosi kwanza (ile programu ndogo ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta), skrini inakaa nyeusi na utadhani umeuziwa prosesa mbovu. Lazima uapdeti ukiwa bado na prosesa ya zamani ndani. Na wakati wa kuapdeti bayosi stima isipotee, ikipotea katikati bodi inaweza kufa kabisa isiwake tena. Mimi nilipakua faili kutoka tovuti ya watengenezaji wa bodi, kwa jina kamili la bodi mpaka herufi ya mwisho, nikalitia kwenye flashi, alafu nikangoja. Siku 2 sikugusa kwa sababu taa zilikuwa zinacheza. Siku ya 3 baada ya sala ya alfajiri mji umetulia, UPS imejaa, nikazima feni ya chumba na friji na kila kitu, nikabonyeza. Ikaandika usizime kompyuta, mstari ukaanza kutembea, asilimia 10, 20, mimi nimesimama siwezi hata kukaa, nje nasikia punda wanapita na mizigo ya mawe. Ilichukua dakika chache tu lakini nilizihesabu zote. Ikajizima, ikawaka, ikasoma bayosi mpya. Nikashukuru Mungu ndo nikafungua upande.

Ndani kulikuwa na vumbi ambalo si vumbi la bara. Hili la kwetu limechanganyika na chumvi ya bahari, linashika, ukilifuta linaacha utelezi kidogo, na kwenye mapezi ya bati ya feni lilikuwa limejaa mpaka hewa haipiti. Prosesa ikishika joto sana inajipunguza kasi yenyewe isiungue, kwa hivyo mashine yangu kwa miaka pengine ilikuwa inatembea nusu mwendo kila msimu wa kaskazi na mimi namlaumu mwaka wa 2018. Na hapa pia kuna mtego. Kwenye AM4 misumari, ile midogo ya kugusana na bodi, iko chini ya prosesa yenyewe, si kwenye bodi kama za Intel na AM5, na ile pesti inayopakwa katikati ya prosesa na feni ikikaa miaka inakauka inakuwa kama gundi. Ukivuta feni kwa nguvu inang'oka na prosesa imeganda nayo na misumari inapinda. Tuliiwasha kwanza tukairendesha kitu kizito kwa robo saa ili pesti ipate joto ilainike, tukaizima, tukachomoa waya, alafu kijana akaizungusha feni polepole kushoto na kulia kama mtu anafungua chupa ya achari iloshika, mpaka ikaachia yenyewe. Ilitoka salama. Mjue pia 5700X haiji na feni kwenye boksi lake, mimi nilinunua kubwa zaidi kwa sababu ya joto letu.

Matokeo niliyapima kwa daftari lilelile. Harusi ilokuwa inarenda saa 5 na dakika 10 sasa inachukua saa 2 na dakika 50. Proksi za siku nzima zinakwisha kabla sijamaliza kuosha vyombo vya usiku. Jumla yote, prosesa, feni na SSD, sikufika nusu ya ile karatasi ya kwanza. Na RAM yangu ya DDR4 imebaki kazini, jambo ambalo sai ni akiba kweli, manake tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda vibaya dunia nzima, wale watengenezaji wakubwa, Samsung, SK Hynix na Micron, wanapeleka mali nyingi kwenye seva za akili bandia na sisi tunaobaki tunagombania kidogo. Atakaye kwenda AM5 leo analipa na hio pia.

Sisemi mtu asinunue mpya. Anayeanza kutoka sifuri, hana bodi hana RAM, sioni kwa nini anunue AM4 mpya dukani wakati AMD wenyewe wameahidi kuendelea na AM5 mpaka 2027 na mbele yake, atapata pa kupandia baadaye. Anayecheza magemu ana hesabu zake na zile prosesa za AMD zenye X3D kwa jina, hizo namwachia kijana wangu. Na mwenye kutaka Intel kwa ajili ya vidio kama zangu ana sababu nzuri, ila akipata kizazi cha 13 ama 14 cha mkono wa pili, hasa zile kubwa za i7 na i9 zenye herufi K mwishoni, aulize kama bayosi ilikuwa imeapdetiwa, manake hizo zilikuwa na kasoro ya volteji inayopanda kupita kiasi na kuzichosha, Intel wakatoa marekebisho Agosti 2024 na wakaongeza warantii miaka 2. Marekebisho yanazuia, hayaponyi ile ilokwisha kuchoka.

Lakini wanaoniuma ni hawa wengine. Jirani yangu ana saiba ndogo, kazi yake ni kuchapa barua, fomu za kodi za KRA, huduma za serikali za eCitizen na kutoa kopi. Ana mashine 3 za i5-6500, za kizazi cha 6. Windows 10 ilipofikishwa mwisho Oktoba 14, 2025 akaja mtu akamwambia zote zimekufa, atoe, amletee mpya kwa deni. Mama wa watu akaja kwangu usiku anataka kulia. Ni kweli Windows 11 haizikubali hizo, Microsoft wanataka Intel kuanzia kizazi cha 8 na AMD kuanzia Ryzen 2000, ukiondoa vichache, na TPM 2.0, kijisehemu cha usalama ndani ya kompyuta. Lakini hazikufa. Kuna mpango wa Microsoft wa kuendelea kupata masasisho ya usalama mpaka Oktoba 2026, tukazisajili zote 3 mbele ya macho yake. Mpaka hapo anao muda wa kukusanya pesa, na akifika huko namwambia atafute ex-UK za kizazi cha 8, kama i5-8500 ya viini 6, hazina haja ya kuwa mpya kwa kazi ya kuchapa barua. Ama moja aitie Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, ya kuchapia tu. Yule mtu alokuja na karatasi ya deni hakumwambia hata moja katika haya, na alikuwa anayajua, manake alipoulizwa alikubali.

Ombi langu kwenu Mhariri ni hili. Kwenye habari zenu za teknolojia mkitaja kompyuta tajeni prosesa kwa jina lake zima, i5-8500, Ryzen 5 5600, na mwaka ilotoka, na kitako chake, msiandike "Core i5" mkaachia hapo. Na wenye maduka, wa Mombasa, wa Malindi na wa hapa kwetu, mnaosoma hili gazeti kaunta zenu zikiwa hazina mteja, andikeni hio namba kwenye kijitabu cha bei. Mteja wa Amu akikosea hawezi kurudi kesho kubadilisha, ni boti, ni Mokowe, ni basi la kutwa mpaka Mombasa, na mzigo akiurudisha analipia nauli ya mtu na nauli ya kompyuta. Wengi wananunua kwa simu bila kuona. Mnunuzi naye akitumiwa picha aombe ya skrini, abonyeze Windows na herufi R, aandike dxdiag, jina la prosesa linatoka lote pale, muuzaji akikataa kupiga hio picha usitume pesa.

Harusi za kabla ya Ramadhani zimeanza na nina 4 mkononi, ya kwanza ni Ijumaa. Daftari bado liko pembeni ya kompyuta, mwenye kutaka kuja kuliona aje, dada na mama zangu waingie moja kwa moja, wanaume wagonge waite kijana atoke nje nalo.

Wasalaam,
Mpiga vidio za harusi,
Langoni, Amu